Siku Tuliyopiga Githongo

Alhamisi, 8 Julai 1954

Mazoezi saa nane mchana, nyumbani kwangu, madirisha yamefungwa. Paulo ametia kitambaa ndani ya tarumbeta ili sauti isifike barabarani. Njeru anapiga ngoma kwa vidole, si kwa vijiti. Tumekuwa tukipiga hivyo tangu Machi. Bendi ya watu watano inayonong'ona.

Kile kipande cha mwanzi kinachokaa mdomoni mwa saksafoni kimepasuka tena. Zamani nilipanda mlimani, nikakata mianzi, nikachonga mwenyewe. Siku hizi msitu umefungwa kwa sababu ya waasi. Anayeonekana huko anapigwa risasi. Nimebakiwa na vipande viwili.

Miaka kumi na sita napuliza. Nilianza na baragumu ya misheni. Jeshini, huko Kalkata, askari mmoja Mmarekani mweusi alinitia saksafoni mkononi akanifundisha jazi ile ya zamani: kila mtu anakwenda njia yake, na wote mnafika pamoja. Niliporudi Meru nikaunda bendi. Njeru tulikuwa kikosi kimoja. Yeye ni Mwembu. Alinifuata huku, akaoa Kagendo, msichana wa Kibirichia. Mpaka leo ananiita Koplo.

Hakuna harusi. Hakuna dansi. Kukusanyika bila kibali ni kosa. Midomo yangu inapoteza nguvu, nasikia kwenye noti za juu. Naogopa hilo kuliko ninavyoogopa kafyu. Ni aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Jumamosi, 10 Julai 1954

Nimeitwa na afisa. Kijana, pua imebabuka kwa jua. Anasema Kiswahili cha kitabuni. Nilidhani ni habari ya mazoezi, nikawa nimeshaandaa uongo. Kumbe anataka muziki. Watu hawaji barazani, alisema. Wakiitwa wanajificha. Labda muziki utawatoa. Jumanne, soko la Gakoromone.

Akaandika kibali. Majina yetu matano na muhuri. Tupite popote, tusisumbuliwe. Waembu walio hapa Meru wanarudishwa kwao kila wiki, na huko Embu ndugu zake Njeru wamechomewa nyumba. Njeru alisoma jina lake kwenye karatasi mara mbili. Akacheka. Akaomba aende nayo akamwonyeshe Kagendo.

Jioni tulifungua madirisha. Tulipiga mpaka majirani wakatoka wakasimama uani. Nina furaha. Sikumbuki mara ya mwisho nilipoandika neno hilo.

Jumanne, 13 Julai 1954

Niandike kwa utaratibu, nisichanganye.

Saa nne tulikuwa Gakoromone. Tulisimama juu ya jukwaa la mbao karibu na wauza ndizi. Wimbo wa kwanza watu walitazama kwa mbali. Wa pili wakasogea. Wa tatu wanawake waliacha vikapu vyao, wanaume wakatoka nyuma ya maduka, vikongwe wakatikisa mabega. Sauti yangu ilirudi yote. Nilifumba macho.

Nilipoyafumbua, malori yalikuwa pande zote na homugadi, wenyeji waliopewa bunduki na serikali, wameshikana kama ua. Wakawaketisha wanaume chini kwa mistari. Halafu wakamleta mtu aliyevishwa gunia kuanzia kichwani mpaka magotini, limetobolewa matundu mawili ya macho. Akapitishwa mbele ya kila mmoja. Akitikisa kichwa, unaachwa. Akiitikia, unapelekwa kwenye lori. Nilihesabu mpaka wa saba nikaacha.

Hakuna aliyetuambia tushuke. Tulikaa juu ya jukwaa na vyombo vyetu mapajani. Mwanamke mmoja alinitazama muda wote, hakutazama malori.

Njiani Njeru aliniuliza, "Koplo, ulijua?"

"Sikujua."

Aliniamini. Ni kweli sikujua. Leo ni kweli.

Jumatano, 14 Julai 1954

Sikugusa saksafoni.

Ijumaa, 16 Julai 1954

Afisa ameniita tena. Amefurahi. Jumatano ijayo anatutaka Githongo. Nikamuuliza kama itakuwa kama ya Gakoromone. Akasema kila mtu ana kazi yake, yangu ni muziki. Nikasema watu wangu hawatapenda. Akachukua kibali changu mezani, akasoma majina polepole, akasimama kwenye moja. "Huyu ni mtu wa Embu," alisema. Akakirudisha mezani.

Nikakubali.

Najiuliza kama nilikubali kwa ajili ya Njeru. Kwa kiasi, ndiyo. Lakini palepale mbele ya meza ile nilikumbuka sauti ilivyotoka Jumanne, kabla ya malori, na nilitaka kuipata tena. Hilo sitamwambia mtu.

Nilipofika nyumbani bendi ilikuwa inanisubiri. Niliwaambia ni sherehe ya wakulima wa kahawa. Chai, mikate, hotuba fupi. Hakuna baraza. Nilisema bila kutafuta maneno, kama mtu aliyefanya mazoezi.

Jumapili, 18 Julai 1954

Kanisani. Baadaye Njeru alikuja kwangu na Kagendo. Mke wangu Karimi alipika irio. Njeru alikula vizuri. Alikuwa akiipiga meza kwa vijiko, Kagendo akimkemea huku anacheka. Kagendo anataka kuja Githongo kumsikia. Hajamsikia akipiga kwa vijiti tangu walipooana.

Nilimsindikiza Njeru mpaka barabarani. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Barabara ilikuwa tupu, sisi wawili, Kagendo ametangulia. Nikasema, "Jumatano mwambie Kagendo abaki nyumbani, kuna baridi." Akasema, "Baridi gani, Koplo? Ni Githongo, si Kibirichia."

Nikaliacha liishie hapo.

Jumatano, 21 Julai 1954

Githongo.

Hapakuwa na chai. Njeru aliliona hilo mapema. Aliniuliza wakulima wako wapi, nikasema watakuja. Tukaanza. Watu wakaja, wa mashambani, mikono bado ina udongo. Kagendo alikuwa nyuma karibu na mti wa mruringa. Nilimwona, nikatazama kwingine.

Wimbo wa tatu ulikuwa ule wetu mrefu, ambamo saksafoni na tarumbeta zinafukuzana. Katikati ya wimbo nikaona lori la kwanza likipinda. Nikafumba macho. Niliyafumba kwa makusudi.

Ngoma ikakatika.

Aliye ndani ya bendi anajua: ngoma ikikatika unasikia miguu ya watu. Nilisikia miguu. Nikageuka. Njeru ameweka vijiti juu ya ngoma, sambamba, kama mtu aliyemaliza kula. Amesimama. Mtu wa gunia alikuwa akishushwa kwenye lori.

"Acha, Gerishon," alisema.

Tangu tujuane hajawahi kuniita jina langu.

Homugadi wawili wakapanda. Mmoja akampiga kitako cha bunduki upande wa kichwa, karibu na sikio. Damu ikatoka sikioni. Wakamburuta. Hakuhitaji kupitishwa mbele ya gunia. Kuacha kupiga kulitosha.

Afisa alikuwa kando ya gari lake. Alinitazama, akazungusha kidole hewani. Endelea.

Nikaendelea.

Nimekaa hapa nikitafuta namna nyingine ya kuandika hilo. Haipo. Paulo aliniangalia, akaingia nyuma yangu, halafu wale wengine wawili. Bila ngoma. Tulipiga wimbo mpaka mwisho. Tukaurudia. Lori lake liliondoka tukiwa bado tunapiga.

Alhamisi, 22 Julai 1954

Kagendo alikuja asubuhi. Hakuingia. Karimi alimletea kiti, akakataa. Nilitoka nikasimama mbele yake. Alinitazama kinywa. Si macho, kinywa. Kisha akaenda.

Karimi ameniuliza, "Baba Mwenda, ni kweli mliendelea kupiga?"

Nikasema ndiyo. Amekaa jikoni siku nzima.

Jumanne, 10 Agosti 1954

Nimekwenda kwa afisa kumwombea Njeru. Mara ya tatu. Ameshapelekwa kambini, hakusema wapi. "Alijionyesha mwenyewe," alisema. Nikamwambia Njeru hakula kiapo chochote cha watu wa msituni, alikuwa askari wa Mfalme, namjua kuliko ninavyomjua ndugu yangu. Akajibu kwamba hilo sasa haliko mikononi mwake. Halafu akaniuliza kama nimeshapata mpiga ngoma mwingine.

Nilitaka kumrudishia kibali. Kilikuwa mfukoni. Nilikishika. Nikatoka nacho.

Jumamosi, 25 Desemba 1954

Tumepigia wakubwa dansi ya Krismasi. Mpiga ngoma mpya anatoka Chuka, mikono myepesi, hana kosa. Hatujaitwa tena sokoni. Labda ujanja ule umechakaa, watu wanakimbia wakisikia tarumbeta. Hata harusini sasa nikianza tu naona wazee wakitazama barabara.

Kagendo amehamishiwa kijiji kipya chenye handaki na uzio wa miti iliyochongwa. Karimi alimpelekea unga. Unga aliupokea. Salamu zangu alizikataa.

Jumamosi, 3 Novemba 1956

Nimeona afadhali niandike japo kidogo, maana nimekaa karibu miaka miwili bila kufungua daftari hili.

Bendi imekua. Watu wanane. Tumekwenda Nairobi kutia nyimbo kwenye santuri, tumesikika redioni. Chumba kilikuwa na kuta za magunia na kioo. Waliposikia tulichorekodi wakatingisha vichwa kwa furaha. Mmoja alisema nina pumzi ya mtu asiye na wasiwasi. Nilicheka naye.

Barua kutoka kwa Njeru imemfikia Kagendo. Mistari minne, mingine imefutwa kwa wino. Ni mzima. Sikuambiwa zaidi. Hata hayo niliyapata kwa Karimi.

Wimbo ule mrefu sipigi tena. Watu wakiomba nasema nimeusahau.

Jumamosi, 14 Septemba 1957

Embu, kwenye maonyesho ya kilimo. Tulipomaliza, mwanamke mzee alisogea jukwaani. Ana pua ya Njeru, na namna ile ya kusimama ameegemea mguu mmoja. Akauliza kwa Kiembu kama hii ndiyo bendi ya Meru alimokuwa mwanawe. Mpiga ngoma wetu wa Chuka anaelewa Kiembu, akanigeukia.

Nikasema, "Hapana, mama. Sisi ni wengine."

Akaomba radhi kwa kutusumbua. Akaenda zake kwenye jua lile, mkoba umening'inia kichwani kwa kamba. Alikuwa anatembea vibaya.

Nimefanya mambo mabaya zaidi. Lakini hili ndilo linalorudi nikiwa nanyoa ndevu.

Jumanne, 10 Machi 1959

Njeru ametoka.

Karimi amelisikia sokoni. Yuko Kibirichia, kwa wakwe zake. Wamewapa kipande cha shamba. Amekonda, nywele zimeota mvi, sikio la kushoto halisikii kabisa. Amerudi na kitanda cha kamba alichosuka mwenyewe.

Miaka mitano kasoro. Kila siku ya miaka hiyo nimemwona ndani ya lori akisikiliza tukipiga. Mara nyingine namwona anahesabu mapigo, kwa sababu hawezi kuacha, mikono yake haiwezi. Nimemsikia akiniambia kila alichotaka kuniambia. Nina majibu ya yote, na hakuna hata moja la maana.

Naogopa kwenda. Nitakwenda.

Jumamosi, 14 Machi 1959

Kibirichia. Ukungu mpaka saa tano. Baridi. Nilimkuta anapanda viazi, ameinama, mgongo kwangu. Nilimwita. Hakusikia. Nikazunguka upande wa pili.

Alisimama. Nilikuwa tayari anipige. Kwa kweli nilitamani anipige.

Akacheka. "Koplo!" Akaniangukia shingoni na mikono yake yote ya matope. Alinuka udongo na moshi. Alinishika hivyo muda mrefu, akinipigapiga mgongoni, na mimi nikasimama kama nguzo.

Tuliketi kwenye gunia la mbegu. Akasema mwenyewe, sikumuuliza. Alipopigwa kichwani kila kitu kilinyamaza. Alikuwa sakafuni mwa lori, akiona vinywa vya watu vinafunguka bila sauti. Sikio la kulia lilirudi baada ya siku mbili.

"Lakini nilijua," alisema. "Nilisema kimoyomoyo, niliposimama mimi, Gerishon naye ameshusha saksafoni. Si ndiyo? Nilipokuwa nakokotwa nilikuona umenigeukia. Nikasema, ameacha. Wote wameacha."

Nikaokota kiazi kimoja, nikakifuta udongo.

"Huko kambini walituambia kila siku, watu wenu wamewasahau, rafiki zenu wanakula na serikali. Kuna waliovunjika kwa maneno hayo tu, bila kuguswa. Mimi niliwaambia, semeni ya wengine. Bendi yangu ilinyamaza. Mbele ya bunduki. Watu wa kambi nzima walikijua kisa hicho. Waliniita Bendi."

Akanishika goti. "Walikufanya nini baadaye, Koplo? Walikupiga?"

Nikatikisa kichwa. Nilisema hawakunipiga. Hilo ni kweli.

Akasema, "Mungu ni mkubwa."

Nimetembea mpaka Meru. Basi lilinipita, sikulisimamisha.

Jumatatu, 16 Machi 1959

Sikula.

Nilikuwa nimejiandaa kuchukiwa. Kuchukiwa ningeweza.

Alhamisi, 19 Machi 1959

Nimeamua kumwambia. Mtu amefungwa miaka mitano, ana haki ya kujua ukweli wa siku yake mwenyewe. Nimejiambia hivyo tangu asubuhi. Nimefanya mazoezi ya sentensi. "Njeru, hatukunyamaza." Maneno mawili tu ukihesabu na jina lake.

Nimemwambia Karimi. Alikuwa anachambua maharagwe, hakusimama. Akauliza, "Unamwambia kwa ajili ya nani?"

Nikakasirika. Nikamwambia yeye hakuwepo Githongo. Akasema, "Mimi nipo hapa, Baba Mwenda. Nimekaa na wewe hapa miaka yote hii." Tuliachia hapo.

Paulo yuko Nairobi. Nilifikiri kumwandikia, tuseme pamoja. Kisha nikaona hiyo ni kutafuta wa kugawana naye.

Ijumaa, 20 Machi 1959

Nilipanda basi la asubuhi. Mvua imeanza kule juu, matone membamba. Kabla sijafika nyumbani kwao Kagendo alikuwa amesimama kando ya njia na jembe. Alikuwa ananingoja. Sijui alijuaje. Labda Karimi, labda hapana. Ni mara ya kwanza kunisemesha tangu mwaka ule.

Ninaandika maneno yake yote, nisije nikayageuza baadaye yakanifaa.

"Baba Mwenda, najua umekuja kumwambia."

Nikasema ndiyo.

"Mimi nilikuwa pale. Nilisikia wimbo wote. Mliurudia, nikausikia tena. Kama ni kumwambia, ningemwambia mimi siku aliposhuka kwenye basi. Alishuka akaniuliza la kwanza: Koplo hajambo? Kabla ya kuniuliza habari za mama yake. Nikamwambia hajambo."

"Mama, siwezi kumtazama usoni."

"Basi mtazame mikono." Alikasirika, sauti ikapanda, akatazama nyuma kama kuna mtu anasikia, akaishusha. "Unajua amekula nini miaka mitano? Hicho. Kwamba mlinyamaza. Wenzake wametoka huko wamekuwa mawe, hawazungumzi na wake zao. Wangu amerudi anacheka. Anaongea na watoto wa jirani. Anapanda viazi. Wewe unataka kuingia pale na kinywa chako umnyang'anye, ndiyo upate usingizi?"

"Atakuja kusikia kwa wengine. Githongo nzima ilikuwepo."

"Watu wa Githongo hawaji huku. Siku wakija, yatakuwa yao. Lakini yasitoke kwako."

"Kwa hiyo nibebe."

"Ubebe. Mimi nimebeba peke yangu, na sikuwa na saksafoni."

Nilisimama kwenye mvua. Nilimwambia kwamba nilijua. Kwamba ile habari ya wakulima wa kahawa niliitunga mimi. Hilo hakuwa akilijua. Niliona likimwingia. Alifunga macho, akashika mpini wa jembe kwa mikono miwili, na kwa muda nikadhani ataliinua.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua tangu Ijumaa iliyotangulia."

Mvua ikamlowesha leso. Kisha akasema, "Hilo nalo umenipa mimi. Haya. Limetosha. Rudi mjini."

Nikarudi. Mpaka sasa, nikiandika haya, sijui kama nilimwambia kwa sababu alistahili kujua, au kwa sababu nilikuwa nimekuja na kitu kinywani na lazima nikiteme mahali.

Jumatano, 25 Machi 1959

Tumepiga Nkubu, harusi ya mwalimu. Nilikosea mara mbili. Hakuna aliyesikia.

Jumapili, 5 Aprili 1959

Njeru aliniletea mwaliko kwa mkono wa dereva wa basi. Sala ya shukrani kwa kurudi kwake. Nilitafuta udhuru. Karimi akatoa koti langu nje, akalipiga vumbi, akaliweka kitandani. Tukaenda wote wawili.

Watu wachache. Mchungaji, majirani, wakwe. Mama yake aliletwa kutoka Embu, amekaa kwenye jua na blanketi. Hakunitambua, au alinitambua akanisamehe, sikuweza kujua. Nilimpa mkono. Ni mwepesi.

Baada ya sala wakagawa uji na viazi vya kuchemsha. Njeru alikuwa amevaa shati jipya. Alisimama akasimulia, kila mtu ameshasikia lakini alisimulia. Jukwaa, lori, gunia. Alionyesha jinsi alivyoweka vijiti. Alipofika kwenye bendi akanigeukia mbele ya wote, sikio zuri limeelekezwa kwangu.

"Koplo, waambie. Mimi wakinisikia watasema najisifia. Waambie vile mlifanya."

Kagendo alikuwa anamimina uji. Hakuinua macho. Mkono wake ulisimama, bakuli nusu.

Mdomo ulinikauka, ule ule wa kazi.

"Tulinyamaza," nikasema.

Mzee mmoja wa kando akauliza, "Wote?"

"Wote."

Kagendo akamalizia kumimina, akampa mchungaji bakuli. Watu wakanitazama kwa heshima. Mwanamke mmoja alisema asante, kwa Kimeru, taratibu. Mama yake Njeru aliuliza nimesema nini, wakamweleza sikioni, akaitikia kwa kichwa mara nyingi.

Njeru alisogea kwenye benchi, akanipa nafasi. Nikakaa. Tulikula viazi. Aliniambia vya mwaka huu vitakuwa vikubwa kama mvua haitazidi, na kwamba anafikiria kufuga kondoo wawili au watatu. Nikasema kondoo watafaa huku, nyasi ni nzuri. Akauliza bei yao mjini. Nikamwambia nitaulizia.

Tumerudi na basi la saa kumi. Karimi alilala begani kwangu njia nzima. Mashamba yote yalikuwa yamelimwa.